Sababu na Kisingizio: Lugha ya Kuhalalisha Vita na Dhima ya Asasi za Kimataifa





1. Utangulizi

Suala nililolichagua limezoeleka zaidi kwa wanasheria na wanasiasa kuliko kwa wanaisimu. Nchi inayoingia vitani haikosi kutoa maelezo. Huwaeleza wananchi wake, huyaeleza mataifa jirani, na huziandikia asasi za kimataifa. Maelezo hayo ni matini. Yana msamiati, yana sarufi na yana hadhira. Kwa hiyo yanastahili kuchambuliwa kama matini nyingine yoyote.

Kiswahili hutofautisha *sababu* na *kisingizio*. Kila serikali husema kwamba inayo sababu, na kila adui yake husema kwamba hicho ni kisingizio. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba ufasaha wa msemaji hauwezi kututenganishia mambo haya mawili. Hutenganishwa pale panapokuwa na msikilizaji wa tatu mwenye haki ya kuuliza, na ambaye msemaji analazimika kumjibu kabla hajaendelea. Asasi za kimataifa ziliundwa ziwe msikilizaji huyo. Nitaijaribu hoja hii kwa vita vitatu: vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vita vya Iraki vya mwaka 2003, na vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1998. Kagera nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa huko lugha ya uhalalishaji ilikuwa ni Kiswahili chenyewe.

2. Msamiati wa uhalalishaji

Tuanze na kitenzi *halalisha*. Mzizi wake ni *halali*, nao umeongezewa kiambishi cha usababishi *-ish-*. Katika *safisha*, tendo likikamilika kitu huwa safi kweli. Katika *halalisha* hatuna uhakika huo. Tukisema kwamba Bunge limehalalisha biashara fulani, tunamaanisha kwamba biashara hiyo sasa ni halali. Lakini tukisema kwamba wakubwa wanatafuta namna ya kuhalalisha vita, msikilizaji huelewa mara moja kwamba vita hivyo vina kasoro na kwamba kinachotafutwa ni vazi la kuifunika. Kitenzi kimoja kinabeba kuuthibitisha uhalali na kuubuni.

Neno *sababu* nalo lina maana mbili. Sababu ya mafuriko ni chanzo chake. Sababu ya mwanafunzi kuchelewa ni udhuru anaoutoa mbele ya mwalimu, ambaye anaweza kuukubali au kuukataa. Maana ya kwanza haihitaji msikilizaji; mvua itanyesha hata asipokuwapo mtu wa kuulizwa. Maana ya pili haipo bila msikilizaji. Wanaotetea vita mara nyingi huanza na maana ya kwanza na kumalizia na ya pili: husimulia jinsi mambo yalivyofikia hapo, kisha masimulizi yakawa ndiyo utetezi.

*Kisingizio* kinatokana na *singizia*, yaani kumtwika mtu kosa asilolitenda. Umbo lake ni la nomino ya kifaa, kama *kizibo* kutokana na *ziba*, au *kifuniko* kutokana na *funika*. Kisingizio basi ni kifaa cha kusingizia. Umbo hili lina faida kwa mchambuzi, kwani linamkumbusha kuuliza ni nani aliyetwikwa.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni *uchokozi*. Mara nyingi hutumika kutafsiri istilahi ya kisheria iliyomo katika Azimio namba 3314 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 14 Desemba 1974, ambalo linataja matendo kama uvamizi, mashambulizi ya mabomu na kuzingira bandari kwa silaha, na kusema kwamba hakuna sababu ya namna yoyote, ya kisiasa, ya kiuchumi wala ya kijeshi, inayoweza kuyatetea. Lakini katika matumizi ya kila siku uchokozi ni jambo dogo zaidi. Mtoto humchokoza mwenzake. Jirani huchokoza kwa maneno. Neno moja likibeba tusi na uvamizi kwa pamoja, aliyetukanwa ataweza kusema kwamba amefanyiwa uchokozi, na asikilizwe kana kwamba amevamiwa.

Mwisho, sarufi yenyewe hutoa maficho. Tunasema *vita vilizuka*, *mapigano yalifumuka*, *hatua zitachukuliwa*. Katika sentensi hizo vita hujizusha na hatua hujichukulia, na mtenda hayumo.

3. Kagera: uzito wa kiambishi kimoja

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba serikali yake ilitangaza kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya Uganda. Watu waliuawa, mali iliporwa, mifugo iliswagwa, na daraja la Kyaka likabomolewa. Amin alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyotangulia kushambulia. Tukumbuke kwamba mwezi Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda wenye silaha waliingia nchini mwao kutokea Tanzania, na kwamba mapatano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo yalikusudiwa kuyamaliza mambo hayo. Madai ya Amin yalikuwa na punje ya historia ndani yake. Visingizio vingi hujengwa hivyo: huchukua tukio la kweli na kulitumia kutetea tendo ambalo tukio hilo haliwezi kulitetea.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa. Maneno yake yanajulikana hata kwa watu waliozaliwa miaka mingi baadaye: kwamba Watanzania wanayo kazi moja tu, *kumpiga*, na kwamba uwezo wa kumpiga wanao, sababu wanayo, na nia wanayo. Kwa kawaida husifiwa urari wa sentensi hizo. Mimi naomba tutazame kiambishi cha mtendwa. Katika kauli hiyo mashuhuri hakuna *kuipiga*, ambayo ingekuwa Uganda, wala *kuwapiga*, ambayo ingekuwa Waganda. Kuna *kumpiga*: mtu mmoja. Kampeni iliyofuata ilikiendeleza kiambishi hicho kwa kumpa mtu huyo jina. Neno *nduli*, lenye maana ya muuaji katili, likawa kama cheo kinachotangulia jina la Amin redioni, magazetini na katika nyimbo.

Uteuzi huo ulikuwa na manufaa makubwa. Uliwaondoa Waganda katika nafasi ya adui. Wakimbizi wa Uganda waliokuwa Tanzania waliweza kujiunga na mapambano bila kuonekana kwamba wanapigana na nchi yao. Askari na raia walipewa adui asiye na kabila wala taifa. Si jambo dogo katika bara ambalo vita vingi vimegeuka uhasama wa watu na watu.

Hata hivyo, kiambishi hicho kilikuwa na gharama yake. Ardhi iliyotekwa ni kitu chenye mipaka; ikirudishwa, kazi imekwisha. Mtu hana mipaka ya namna hiyo. Amin alitangaza katikati ya Novemba kwamba anayaondoa majeshi yake, na eneo la Kagera likarudi mikononi mwa Tanzania. Kama sababu ilikuwa ni kuikomboa ardhi, ilikuwa imetimizwa. Kama ilikuwa ni kumpiga yeye, ilikuwa bado. Januari 1979 majeshi ya Tanzania yaliteka Mutukula, Februari yakaingia Masaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Lengo lilihama kutoka kwenye ardhi hadi kwa mtu, na sentensi ya Novemba ilikuwa tayari na nafasi ya kuupokea uhamaji huo.

Nyerere aliitambua hatari hii ya kisheria, naye alijibu kwa hoja ya vita viwili. Alieleza kwamba Watanzania wanapigana kuulinda usalama wa nchi yao, na kwamba Waganda wanapigana vita vyao kumwondoa dikteta. Kisarufi, ni sentensi mbili zenye watenda wawili. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliozaa serikali ya mpito chini ya Yusuf Lule, uliipa sentensi ya pili mtenda aliye dhahiri. Lakini katika medani watenda hao wawili walikuwa katika safu moja, na sehemu kubwa ya jeshi lililoingia Kampala ilikuwa ni ya Watanzania.

Maoni yangu ni haya. Sababu ya Novemba ilikuwa sababu kweli: nchi ilivamiwa, ikajihami, na Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaitambua haki hiyo. Sababu ya Aprili ilikuwa na nguvu kubwa ya kimaadili, kwa kuzingatia waliouawa Uganda chini ya utawala ule, lakini ilikuwa ni sababu nyingine. Zilistahili kutamkwa moja moja na kuulizwa moja moja. Swali ni nani angeuliza.

4. Msikilizaji aliyenyamaza

Aliyepaswa kuuliza ni Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hati yake ya mwaka 1963 iliweka misingi ya usawa wa mataifa, kutoingiliana katika mambo ya ndani, na kuheshimu mipaka. Azimio la Cairo la mwaka 1964 liliitaka kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Kutangaza kwamba ardhi ya jirani imekuwa yako ni kuivunja misingi hiyo hadharani. Halikuwa suala gumu la tafsiri.

Umoja ulituma wajumbe na kuzitaka pande mbili zipatane. Nyerere alitoa masharti: Umoja ulaani uvamizi, Amin ayakane madai yake juu ya ardhi ya Tanzania, na fidia ilipwe. Laana hiyo haikutolewa. Hapa tofauti ya maneno mawili ya Kiswahili inatusaidia kueleza kilichotokea. *Msuluhishi* huanza kwa kuuliza, “Mtapatana vipi?” *Mwamuzi* huanza kwa kuuliza, “Nani alifanya nini?” Umoja ulichagua kuwa msuluhishi katika shauri lililohitaji kwanza mwamuzi. Nalo Baraza la Usalama halikupitisha azimio lolote kuhusu vita hivyo.

Ziko sababu za kulielewa jambo hili. Kanuni ya kutoingiliana ilizilinda nchi changa na dhaifu, na viongozi wengi waliogopa kufungua mlango. Aidha, Amin mwenyewe alikuwa Mwenyekiti wa Umoja huo mwaka 1975 hadi 1976, baada ya mkutano wa Kampala ambao Tanzania iliususia. Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere.

Lakini tuyatazame matokeo. Katika mkutano wa Monrovia wa Julai 1979, Jaafar Numeiri wa Sudan, aliyekuwa akimaliza uenyekiti, aliishutumu Tanzania kwa kuingia Uganda. Olusegun Obasanjo wa Nigeria naye alishutumu. Godfrey Binaisa, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa Rais wa Uganda, aliitetea Tanzania. Shutuma hizo zilikuwa na msingi katika Hati ya Umoja. Udhaifu wake ulikuwa katika wakati. Asasi iliyokataa kusema mwezi Novemba kwamba mpaka umevunjwa haikuwa na sauti ya kusema mwezi Januari kwamba sasa mpaka umerudishwa, simameni hapo. Aliyenyimwa hukumu alijitolea hukumu mwenyewe, na mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

5. Iraki: msikilizaji aliyepuuzwa

Mwaka 2002 na 2003 hali ilikuwa kinyume. Baraza la Usalama liliuliza, tena mbele ya ulimwengu mzima. Tarehe 8 Novemba 2002 lilipitisha Azimio 1441 kwa kura 15 bila ya kura ya kupinga. Azimio hilo liliipa Iraki fursa ya mwisho na kuionya kwamba itakabiliwa na matokeo mazito. Likilinganishwa na Azimio 678 la mwaka 1990, ambalo liliruhusu kutumia njia zote za lazima, tofauti inaonekana wazi. Maneno ya mwaka 1990 yalikuwa ruhusa inayojulikana. Maneno ya mwaka 2002 yalikubaliwa na wote kwa kuwa kila upande uliweza kuyasoma kwa namna yake. Marekani na Uingereza zilisoma tishio lililokwisha kuidhinishwa. Ufaransa, Urusi na China zilitamka kwamba hakuna ruhusa inayojitokeza yenyewe.

Kwa mfasiri wa Kiswahili hapa pana mtego. Akiandika *matokeo mazito*, utata unabaki. Akiandika *adhabu kali*, amekwisha kuamua kwamba yupo mwadhibu na kwamba kosa limethibitika.

Mtego mkubwa zaidi ulikuwa katika kihusishi kidogo cha umilikaji. Mjadala wa dunia nzima uliendeshwa juu ya *silaha za maangamizi za Iraki*. Kirai hicho kinatanguliza dhana kwamba silaha zipo. Anayeuliza, “Silaha za Iraki ziko wapi?” amelimeza swali la awali: je, Iraki ina silaha hizo? Kazi ya wakaguzi chini ya Hans Blix na Mohamed ElBaradei ilikuwa ni kulirudisha swali hilo lililomezwa. Colin Powell aliwasilisha hoja za Marekani tarehe 5 Februari 2003; wakaguzi walisema kwamba wanahitaji muda zaidi. Marekani, Uingereza na Uhispania ziliandaa rasimu ya azimio la pili, na nchi tatu za Afrika zilizokuwa katika Baraza, yaani Angola, Kameruni na Gine, zilibembelezwa na pande zote. Rasimu iliondolewa bila kupigiwa kura, na tarehe 20 Machi vita vilianzishwa. Nasema *vilianzishwa*, sisemi *vilizuka*.

Je, asasi ilishindwa? Haikuzuia vita, na waliokufa hawafarijiwi na kumbukumbu za mikutano. Lakini Baraza lilikataa kutoa neno lililoombwa, na kukataa huko kuliandikwa. Wakaguzi wa Marekani wenyewe waliporipoti mwaka 2004 kwamba hawakupata akiba ya silaha hizo, maelezo yalikuwapo ya kulinganisha nayo. Mwezi Septemba mwaka huo Kofi Annan alisema kwamba, kwa mtazamo wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, vita vile havikuwa halali. Mwaka 2016 tume ya John Chilcot ya Uingereza ilieleza kwamba njia za amani hazikuwa zimemalizika. Dai lililotolewa mbele ya msikilizaji lilibaki likimdai msemaji wake.

6. Kongo: msikilizaji aliyechelewa

Mfano wa tatu unatuleta katika nchi ambayo mamilioni ya watu husema Kiswahili. Katika vita vya Kongo vilivyoanza Agosti 1998, Uganda ilidai kwamba inajihami dhidi ya waasi waliokuwa wakiishambulia kutokea Kongo. Mwaka 1999 Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na hukumu ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005.

Kwa mwanaisimu, hukumu hiyo ni somo la usomaji wa matini. Mahakama iliitazama hati ya uongozi wa jeshi la Uganda yenyewe, iliyoorodhesha sababu za kubaki Kongo, na kuona kwamba sehemu kubwa ya sababu hizo zilihusu kuzuia mambo ambayo huenda yangetokea. Hazikuwa jibu kwa shambulio lililofanywa na Kongo. Iliona pia kwamba Uganda haikulitaarifu Baraza la Usalama, kama anavyotakiwa kufanya anayejihami. Utetezi wa kujihami ukakataliwa. Mahakama haikuelemea upande mmoja: ilikubali pia malalamiko ya Uganda kuhusu ubalozi wake uliovamiwa Kinshasa. Tarehe 9 Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa fidia ya dola za Marekani milioni 325.

Hivyo ndivyo sababu inavyopimwa. Lakini zaidi ya miaka 23 ilikuwa imepita tangu vita kuanza. Tena, kesi kama hiyo dhidi ya Rwanda iliishia mwaka 2006, Mahakama ilipoona kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza. Swali halikujibiwa, na maneno yakaendelea kutumika. Januari 2025 mji wa Goma ulipotekwa na M23, Rwanda ilizungumzia hatua za kujihami. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa Azimio 2773 lililopita kwa kauli moja, lilililitaka Jeshi la Ulinzi la Rwanda, kwa jina, liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo. Kumtaja mtenda hakujamrudisha nyumbani mkimbizi hata mmoja. Lakini ni tofauti na matamko yasemayo *majeshi ya kigeni*, ambayo hayamlazimu yeyote kujibu.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, tumeona msikilizaji aliyenyamaza, msikilizaji aliyepuuzwa na msikilizaji aliyechelewa. Wapo wanaohitimisha kutokana na mifano kama hii kwamba asasi hizi hazina maana. Mimi nahitimisha kinyume. Palipokosekana swali, sababu mbili tofauti zilipita katika sentensi moja. Palipoulizwa swali, hata kwa kuchelewa, kisingizio kilitambulikana.

Afrika imekwisha kubadili kanuni zake. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, katika Kifungu cha 4(h), inaupa Umoja huo haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Hoja ambayo mwaka 1979 haikuwa na kifungu cha kuegemea sasa inacho. Na tangu Februari 2022 Kiswahili ni miongoni mwa lugha za kazi za Umoja huo. Iko siku maelezo ya kuhalalisha vita yatasomwa kwa Kiswahili mbele ya asasi yenye mamlaka ya kuyapima. Tujiandae.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaistilahi watenganishe *uchokozi*, ambao ubaki na maana yake ya kuchochea ugomvi. *Uvamizi*, yaani kuingia kwa nguvu katika nchi ya mwingine. Na *ushambulizi*, uwe jina la jumla la matendo yote yaliyotajwa na Azimio 3314. Pili, waandishi wa habari na wafasiri wamrudishe mtenda katika sentensi kila anapojulikana. Tatu, sisi walimu tuwazoeze wanafunzi wetu kuihoji kila hotuba ya vita, ya rafiki na ya adui: sababu hii inatetea tendo lipi? Likitimizwa, vita vitakoma? Nani ametwikwa kosa? Na nani, asiyekuwa upande wowote, amepewa nafasi ya kuuliza?

Nataka hasa wanafunzi waanze na hotuba tunayoipenda, ile ya Novemba 1978. Anayeweza kuihoji kwa heshima na kwa makini ataweza kuihoji nyingine yoyote.